Betri ya Kumshinda Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena. Saa tisa alasiri, jua linawaka, hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna sababu. Mara ya tatu tangu Ijumaa! Nilikuwa barazani nasoma gazeti, wala sikuhitaji umeme, lakini hasira zilinipanda vilevile. Mtu mzima hakatiwi kitu bila kuulizwa.

Sijamaliza kukasirika, jirani akachungulia juu ya ukuta. Pole, jirani, akasema. Pole! Nyuma yake feni inazunguka na redio inaongea. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Mwezi uliopita alifunga betri ya nyumbani, kisanduku cheupe, akakitundika ukutani kwa nje, upande wa barabarani, ili hata wapita njia wakione. Tangu siku hiyo umeme ukikatika yeye huja ukutani kutoa pole. Hajasahau hata mara moja.

Mke wangu alipita mbio na mablanketi mawili na chupa za maji ya moto. Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mayai. Juzi Jumamosi aliweka mayai mia moja na hamsini kwenye mashine yake mpya ya kutotolesha, kule stoo. Siku ishirini na moja za joto lilelile, ndipo vifaranga watoke. Matroni wa shule ya bweni ya wasichana ameahidi kuwachukua wote, maana shule inaanzisha banda la kuku. Wakitoka wengi na wazima, atachukua kila mwezi. Wakifa, ana mtu mwingine wa kumpa kazi, na alilisema hilo bila kupepesa macho. Mke wangu ameisubiri nafasi hii miaka mitano. Anasema yai likipoa siku za mwanzo huenda likavumilia kidogo, lakini siku za mwisho halina msamaha.

Kwa hiyo ameamua tununue betri, pamoja na inveta, kile chombo kinachougeuza umeme wa betri ufae nyumbani. Akiba anayo, ni yake. Alitaka amwite fundi anunue kama ya jirani. Kama ya jirani! Nilisimama. Nikamwambia betri hainunuliwi kama nyanya, inalinganishwa. Nikamkumbusha kwamba mumewe amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mizani ya malori, na hakuna lori lililowahi kumdanganya. Aniachie mimi.

Akasema sawa, Baba Watoto, lakini mwisho Jumatano ya wiki ijayo. Siku hiyo ikipita anaamua mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua daftari la jalada gumu. Nimelipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza: Uzito. Ya pili: Kelele. Ya tatu: Adabu za muuzaji. Ya nne: Waranti. Ya tano: Je, ni kubwa kuliko ya jirani?

Safu ya tano ilihitaji vipimo. Nilimngoja jirani atoke kwenda kunyoa, nikaingia uani kwake kama mtu anayetafuta paka. Hatuna paka. Nilipima betri yake kwa shubiri: tano na nusu kwenda juu. Nilikuwa nimefika shubiri ya tatu ya upana aliporudi. Kinyozi alikuwa amefunga. Aliingia ndani akaniletea futi ya chuma, akasema hii itanisaidia zaidi.

Dharau ya aina hiyo sijawahi kuiona. Futi nimeitumia, lakini sikumshukuru.

Jumatano, 5 Machi

Duka la kwanza. Muuzaji mwenye suruali ya kubana na vipeperushi kila mfuko; nitamwita Bwana Kipeperushi. Anauza betri za lithiamu. Kabla hata sijakaa, akaniuliza nyumbani natumia vyombo gani, na kila kimoja kinakula wati ngapi. Swali gani hilo! Mtu hajui jina langu anataka kujua kilichomo chumbani mwangu. Nikamwambia hayo ni mambo ya familia.

Akaendelea. Eti betri hii inahifadhi yuniti tano, zilezile yuniti tunazonunua kwenye mita. Eti inveta yake inatoa wati elfu moja na mia tano kwa mara moja, si zaidi. Eti unaweza kuijaza na kuimaliza mara elfu sita kabla haijachoka. Nikamuuliza nani amehesabu. Akanipa kipeperushi.

Nikaomba kuinyanyua. Jamani! Niliinyanyua peke yangu, mimi na mgongo wangu huu. Kitu chepesi hivyo kina nini ndani? Kwenye mizani tulikuwa na msemo: lori linaloruka ruka halina mzigo. Uzito: alama mbili. Adabu: moja, kwa sababu ya lile swali.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekutana na betri.

Duka liko nyuma ya gereji. Mwenyewe ni mzee mwenye shati lililotoboka toboka, nitamwita Mzee Asidi. Alinipa kiti. Hakuniuliza lolote kuhusu nyumba yangu. Betri zake ni zile za asidi, nne zinaunganishwa pamoja, na nilipojaribu kunyanyua moja tu, kiuno kililia kama mlango wa stoo. Huo ndio uzito! Nilisikia raha niliyokuwa sijaisikia tangu nistaafu.

Kisha akaharibu. Akasema kwamba nikitaka zidumu, nisitumie zaidi ya nusu ya umeme uliomo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Yaani ninunue nzima nitumie nusu? Huko ni kumuuzia mtu nyumba kisha unamwambia asiingie chumbani. Pia zinahitaji kuongezewa maji maalumu, na zikae mahali penye hewa kwa sababu ya mvuke. Betri inayohitaji maji na hewa si betri, huyo ni mgonjwa.

Hata hivyo uzito: alama kumi. Adabu: tisa.

Mke wangu aliuliza nimefika wapi. Nikamwambia ukurasa wa kumi na saba. Umeme ulikatika mara mbili leo, na mara zote mbili alikuwa anakimbia na mablanketi huku mimi nikijumlisha. Alisema mayai hayasubiri daftari. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata akili ya ajabu, na nimeipata kanisani, kwa hiyo haiwezi kuwa dhambi.

Kwa nini tununue? Muuzaji yeyote anayejiamini atakubali bidhaa yake ijaribiwe. Huyu analeta ya kwake wiki hii, tunajaribu. Yule analeta ya kwake wiki ijayo, tunajaribu. Nikiwapanga vizuri mayai yatafika siku ya ishirini na moja kwa umeme wa majaribio, bure kabisa, na akiba ya mke wangu itabaki ilivyo. Atanishangilia.

Nimewapigia simu wote wawili. Bwana Kipeperushi nimemwambia mwenzake amekubali kuacha betri kwangu mwezi mzima, sasa yeye anaogopa nini? Mzee Asidi nimemwambia vivyo hivyo. Wote wamekubali! Watu wa biashara ukiwagusa wivu wanakwenda wenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja katika gari moja.

Ningejuaje? Kumbe maduka yale mawili yanachangia pikapu moja ya kupelekea mizigo! Wamekaa kiti cha mbele pamoja, njia nzima, wakisimuliana niliyowaambia. Walishuka wakanitazama kwa macho ya aina moja. Wakasema majaribio ni mpaka saa kumi jioni, leo hii, na hawaondoki.

Mke wangu aliomba jambo moja tu: wajaribu na mashine ya mayai. Nikamwambia hivyo sivyo kitu kinavyopimwa. Lori hupimwa likiwa na shehena. Nikachomeka kwenye lithiamu pasi, televisheni na birika la umeme, vyote kwa pamoja. Inveta ikalia mara tatu ikajizima. Bwana Kipeperushi akapaza sauti kwamba birika peke yake linakula wati elfu mbili, na alinitajia mwisho wa inveta dukani. Sasa ni kosa langu? Chombo cha watu wazima kinashindwa na chai! Nikaandika sifuri, nikaizungushia duara.

Zamu ya asidi. Kwanza uzito, kwa haki. Nilitoa mizani ya kupimia chakula cha kuku, nikaiweka sebuleni juu ya zulia, nikaomba msaada wa kuinua betri moja. Mzee Asidi akasema isilazwe ubavu. Sikuilaza. Niliinamisha tu, nione namba vizuri. Matone machache. Machache kabisa! Zulia limetoboka matundu manne, na suruali yangu ya kustaafia ina tundu mahali ambapo siwezi kuliandika.

Wakati huo wote jirani alikuwa ukutani, anachungulia dirishani kwetu. Alisema, kwa sauti ile ya kufundishia, kwamba betri na inveta ni mambo mawili: inveta inasema unaweza kuwasha vingi kiasi gani kwa mara moja, betri inasema vitawaka kwa muda gani. Uzito hausemi lolote. Betri si lori, jirani, akasema.

Nilifunga dirisha.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mwisho niliyopewa. Nilimkabidhi mke wangu daftari, kurasa thelathini na nane, na hitimisho kwamba tunahitaji wiki mbili zaidi za kulinganisha. Alilifunga taratibu. Akasema mchagua jembe si mkulima.

Alikwishamwita fundi umeme. Ni dada mmoja mwenye penseli sikioni na maneno machache. Aliuliza vitu vitatu. Mashine ya mayai inakula wati ngapi? Nini kingine ni lazima kiwake? Umeme ukikatika unakaa saa ngapi? Akapiga hesabu juu ya kipande cha trei ya mayai. Dakika nne! Akasema lithiamu ya yuniti tano inatosha, mashine na friji na taa chache za ndani zitakwenda kwa muda wa saa kumi na mbili bila wasiwasi, mradi zisiongezwe takataka. Asidi ingeanza rahisi, lakini ingechoka mapema na kutaka kuangaliwa, na katika nyumba hii haoni wa kuiangalia. Hapo alinitazama mimi, mtu niliyemfungulia mlango.

Kurasa thelathini na nane zimeshindwa na kipande cha trei ya mayai. Asante ya punda ni mateke.

Ijumaa, 14 Machi

Leo betri imefungwa. Mke wangu alikwenda kuwatafutia vifaranga taa za kuwapa joto na vyombo vya maji, akaniachia usimamizi. Neno lake hilo: usimamizi.

Dada Fundi alieleza kwamba betri haibebi nyumba nzima. Tunachagua laini nne kwenye boksi la umeme, hizo ndizo zitawaka umeme ukikatika, nyingine zitakufa. Mama mwenye nyumba alikwishachagua: stoo yenye mashine, jikoni yenye friji, taa za ndani, na soketi ya chumbani ya kuchajia simu. Nikaitazama orodha hiyo. Hakuna hata kitu kimoja kinachoonekana barabarani! Tununue betri halafu mtaa mzima udhani tumekaa gizani, na yule bwana aendelee kutupa pole?

Nikamwambia Dada Fundi kwamba kuna maagizo mapya kutoka kwa mama. Stoo ibaki, mimi si mnyama. Lakini jikoni itoke, iingie sebule. Chumbani kutoke, iingie baraza. Alichomoa penseli sikioni. Akaniuliza mama anajua? Nikasema ndiye aliyenituma. Akaandika maagizo kwenye kitabu chake kisha akaniambia nitie sahihi. Mafundi wa siku hizi hawana imani na watu.

Alipoondoka nilikwenda kununua taa nane. Zile kubwa za uwanjani. Nimezifunga barazani mwenyewe, zote zinatazama ukuta wa jirani. Mke wangu aliporudi nilimwambia ni za usalama. Akauliza usalama dhidi ya nani.

Jumapili, 16 Machi

Umeme haujakatika tangu Ijumaa. Siku mbili! Wiki mbili watu wa umeme wametutesa, leo tuna betri na taa nane, wamegeuka watu wema. Nimekaa barazani jioni nzima kidole kikiwa karibu na swichi. Jirani alipita akasema hali imetengemaa siku hizi, hata betri yake imepumzika.

Jumanne, 18 Machi

Ulikatika! Dakika ishirini, saa sita mchana. Nikaziwasha zote nane. Jua likazimeza kabisa, ilibidi nizikaribie nijue kama zinawaka. Na jirani alikuwa hayupo.

Mke wangu aligundua friji imezimika. Nikamwambia friji ni mbovu. Akasema ataiuliza. Sijui unaulizaje friji.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kumi na nane ya mayai. Mke wangu ameyahamishia kwenye trei za chini za kuangulia. Kuanzia sasa mashine haifunguliwi mpaka watoke, na joto lisishuke hata kidogo. Aliniita stoo. Akaniambia niweke sikio kwenye kioo, ninyamaze.

Ndani ya mayai walikuwa wanalia. Vifaranga, bado wamo ndani ya maganda, na wanaitana. Mke wangu alikuwa amechuchumaa kando yangu, ameshika magoti kama msichana. Alisema matroni amepiga simu, anakuja Jumapili na masanduku. Niliona fahari. Mke wangu huyu. Niliondoka pale nimelainika, na nilikaa hivyo mpaka karibu saa kumi.

Saa kumi jirani akaniuliza kwa nini taa zangu zinamtazama yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Yeye betri yake inatazama barabara nzima, hakuna anayeuliza. Mimi taa zangu zikitazama ukuta, ukuta wangu mwenyewe kwa upande mmoja, imekuwa kesi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Nimepitisha mwaliko. Mwenye duka, kinyozi, mshona viatu, fundi baiskeli. Umeme ukikatika tu magharibi yoyote, waje kwangu. Televisheni itakuwa inaonyesha mpira, na chai itakuwepo. Wataona nani ana betri mtaa huu.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo uani, kwa sababu ndani siko salama.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili na robo jioni. Saa niliyoiomba. Nikawasha zote nane. Mwanga! Ukuta wa jirani ukawa mweupe pe, paka wa watu wakakimbia. Dakika kumi hazijapita, kinyozi akafika, mwenye duka akafika, fundi baiskeli akaja na mkewe na shemeji zake wawili. Televisheni ikawashwa. Mshona viatu akasema kweli wewe ni mtu. Nilimwona jirani amejikinga macho kwa gazeti, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Kilichobaki ni chai. Nikajaza birika, nikalichomeka soketi ya sebuleni.

Kelele tatu. Giza.

Wageni wakaguna. Nikasema ni kitu kidogo. Nilikwenda kwenye inveta nikabonyeza kitufe. Ikawaka, ikalia, ikazima. Nikabonyeza tena. Birika lilikuwa bado limechomekwa, naam, lakini birika hilo tunalo miaka tisa na halijawahi kuzima kitu. Nilibonyeza mara tano. Ya tano ikatokea taa nyekundu na inveta ikanisusia kabisa. Nilimpigia Dada Fundi. Alikuwa juu ya paa la mtu. Akasema ukiilazimisha hivyo inajifunga saa nzima ili isiungue, na haifunguki kwa kubonyezwa. Kisha akauliza, huyo ni yule mzee aliyetia sahihi?

Hapo ndipo nilipoikumbuka stoo.

Mke wangu alikuwa amekwishafika. Amekaa chini, gizani, mablanketi yamefunika mashine, mikono yake miwili juu ya blanketi. Mayai mengine yalikuwa yamekwishaanza kupasuka. Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kushika. Aliuliza tu, umewasha nini, Baba Watoto? Nikasema birika. Akauliza, birika na televisheni ya sebuleni vimefikaje kwenye betri, wakati sebule haikuwa kwenye orodha yangu? Kwa mara ya kwanza mwezi huu sikutafuta kisingizio. Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akanyanyuka, akaenda ukutani, akamwita jirani. Hakumaliza sentensi. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pale na waya mrefu wa ekstensheni, umekwishakunjuliwa, akaupitisha juu ya ukuta. Dakika tatu, mashine ikawaka. Kipimajoto cha mashine kikaanza kupanda taratibu, naye mke wangu akakaa tena chini akikitazama.

Lakini nauliza. Mtu anayekaa na waya tayari umekunjuliwa alikuwa anasubiri nini? Alikuwa anasubiri nianguke! Huo ni ujirani?

Wageni waliondoka bila chai. Mshona viatu alilirudisha lile neno lake.

Jumamosi, 22 Machi

Mia moja na ishirini na wawili.

Walianza alfajiri. Ganda linatoboka tundu dogo, kisha linakatika mviringo, kisha anatokea kitu kilicholowa, kibaya sana, na baada ya saa mbili ni kifaranga wa manjano. Mke wangu alihesabu akilia. Dada Fundi alikuja kurekebisha: amerudisha jikoni na soketi ya chumbani, amezitoa sebule na baraza. Alimwonyesha mke wangu sahihi yangu. Kufanya hivyo hakukuwa na haja yoyote.

Nimeambiwa mambo mengi leo asubuhi na sitayaandika. Kwa ufupi, siruhusiwi kugusa boksi la umeme, inveta, mashine, wala birika.

Jirani alikaribishwa kuwaona vifaranga. Aliingia stoo kwangu akipunga mkono. Alimshika mmoja, akasema hawa ni kama wajukuu zangu, wamezaliwa kwa umeme wangu. Na mke wangu akacheka! Nimepiga hesabu: mashine imekula umeme wetu siku ishirini, wa kwake saa tatu na nusu. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi nikaipitisha juu ya ukuta. Ameirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Jumapili, 23 Machi

Matroni amekuja na masanduku saba. Mwanamke mrefu, anatazama kila kifaranga miguuni kabla ya kumpokea. Amewachukua wote mia moja na ishirini na wawili. Amesema hajawahi kupata wazima hivi, na kuanzia mwezi ujao anataka mia mbili kila mwezi. Mke wangu alishika ukingo wa meza. Mimi nilitazama pembeni, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Kisha matroni akauliza tumewezaje, maana umeme umekuwa ukikatika mji mzima. Mke wangu akasema ni betri, na jirani mwema. Jirani mwema! Akatoka kwenda kuleta kamba ya kufungia masanduku. Tukabaki mimi na matroni.

Akashusha pumzi. Akasema shule nao wanataka betri, kwa mabweni na kwa chumba cha muuguzi, wasichana mia tatu, na kila muuzaji anasema lake. Laiti angepata mtu anayejua kulinganisha.

Ningefanya nini? Ninyamaze, wakati taifa la kesho linasoma gizani? Nilikwenda chumbani nikarudi na daftari. Alipindua kurasa polepole, zote thelathini na nane, akasema hajawahi kuona mtu makini namna hii. Hakuuliza betri yetu ilichaguliwa na nani. Asipouliza, sijamdanganya.

Naanza Jumatatu, saa moja asubuhi. Mke wangu hajui, ana furaha, sitaki kumchanganyia mambo. Mzee Asidi na Bwana Kipeperushi nimekwishawapigia, kila mmoja nimemwambia mwenzake ameahidi kuikopesha shule betri muhula mzima. Na leo alasiri nilitembea mpaka pale shuleni, kuangalia mazingira tu. Vizuri nilikwenda. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya wavulana. Wana betri, na wameweka taa sita langoni, wamezielekeza kwa wasichana wetu bila haya. Sita! Chumba cha muuguzi kitasubiri kidogo. Sisi tutaanza na lango, na tutaweka kumi na mbili.